Shemeji Alivyonichagulia Viatu vya Mlimani

Niliingia dukani peke yangu. Muuzaji, binti mmoja mchangamfu, akaniletea jozi mbili za viatu.

"Hivi ndivyo ulivyoomba, mzee. Na hivi kakuchagulia shemeji yako, yule aliyesimama mlangoni."

Nikageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilikuwa na shemeji mmoja tu, kaka wa mke wangu. Aliteleza akafa mlimani tukiwa wote, zamani.

Mimi ni seremala mstaafu. Nilijisomesha masomo ya jioni mpaka nikapata cheti. Mambo ya mizimu siyaamini.

Lakini mlangoni nilichungulia mara ya pili.

Mke wangu alikuwa amenituma nikalipake rangi upya jina la kaka yake, kwenye mwamba alipoangukia. Mvua ilikuwa imelifuta, na magoti yake hayampandishi tena. Mabuti yangu mazito, ndiyo maana nikatafuta viatu vyepesi vya kukimbilia milimani.

Nilivyovitaka vilikuwa vyekundu, vimenikaa kama soksi. Vile vingine rangi ya tope, vipana vidoleni.

"Amesema," binti akacheka, "mwambie bwana harusi aache urembo. Apande ubao ule wa mteremko, halafu ashuke."

Bwana harusi!

Jina hilo aliniita yeye tu, tangu siku niliyomwoa dada yake.

Nikapanda ubao wa kujaribia. Kushuka na vyekundu, vidole vikagonga mbele. Kushuka na vile vya tope, vidole huru, na soli laini ikashika ubao kama gundi.

Vyekundu nikaviacha kaunta, vya tope nikavilipia.

Kule juu mlimani jiwe lilikuwa limelowa. Nikatambaa kwa mikono na miguu, korongo liko chini yangu. Mguu mmoja ukateleza. Mwingine ukang'ang'ania.

Nyuma yangu mtu akacheka.

"Taratibu, bwana harusi."

Sikugeuka. Ningegeuka kwa shingo ipi?

Nilipofika mwambani, chini ya jina nikakuta viatu vyekundu. Vipya. Soli safi kabisa, kamba zimefungwa mafundo mawili na ncha zimechomekwa ndani, kama alivyokuwa akifunga shemeji.

Nikapaka rangi. Herufi zilinyooka.

Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Kaka yangu hajambo?"

"Hajambo. Bado ananitania."

Akaenda kuniwekea maji ya kuoga.

Wewe unayesoma, kiatu cha mlimani usikichagulie kwenye kioo. Kijaribu kwa kushuka.

Siku ile aliyoteleza, shemeji alivaa vya kubana, vyekundu. Na kileleni tulikuwa tumeshafika, tunashuka.