Wanane Kwenye Simu Moja

Nimeandikwa mtoro mara mbili maishani, na mara zote mbili sikutoroka.

Mara ya kwanza nilikuwa darasa la sita, kwetu kusini. Baba mdogo alinitoa shule nikamlelee watoto wake. Mwalimu wa darasa alikuwa akija kununua mihogo kwa baba mdogo huyohuyo, ananikuta uani nimebeba mtoto mgongoni, namwamkia, anaitikia. Akirudi shuleni anachukua kalamu nyekundu, anaandika kwenye daftari la mahudhurio: mtoro. Majina yao siyataji. Wenyewe wanajijua, na aliyekufa anajua zaidi.

Mara ya pili ni juzi tu, hapa Chanika, mie mtu mzima mwenye wajukuu na kikundi cha kutengeneza sabuni ya maji. Alikuja profesa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akatangaza kozi ya bure ya mtandaoni inayoitwa Kumjua Mteja. Akasema kozi hizi zinapokea maelfu ya watu kwa mpigo, hazina geti wala ada, na kwamba chuo nacho kitajifunza kwetu namna watu wazima wanavyosoma. Tukapiga makofi. Tukajiandikisha wanane, kila mtu na namba yake. Simu saba kati ya hizo zilikuwa vitochi, ambavyo ukivitaka video vinakuwashia taa. Mwenyekiti wa mtaa aliviona vyote saba. Hakuuliza kitu, alikuwa na haraka ya kupiga picha na profesa.

Basi tukasoma kama tunavyofanya kila kitu. Alasiri, sabuni ikiwa inatulia kwenye mapipa, tunatandika mkeka barazani kwa katibu wetu, mwenye simu janja. Simu inaegemezwa kwenye dumu. Bando tunachanga. Mwalimu wa kwenye simu akitamka neno gumu, katibu anamsimamisha, tunabishana mpaka linaeleweka, ndiyo anaruhusiwa kuendelea. Jaribio likija tunajibu kwa sauti moja. Asiyekubali anajieleza, na mie nilikuwaga sikubali mara nyingi. Tulikwenda hivyo wiki sita. Mwenzetu mmoja alijifungua katikati ya kozi, akakosa vipindi viwili, cha tatu akaja na kichanga.

Mwisho wa kozi cheti kikaja. Kimoja, chenye jina la katibu. Akakitia fremu, akakitundika sebuleni.

"Shoga, si useme basi ni chetu sote?" nikamwambia.

"Kwani nimewakataza kuja kukiangalia?"

Miezi ikapita, akaja binti wa chuo na kishikwambi. Alikuwa anafanya utafiti wa shahada yake ya udaktari kuhusu watu wanaoacha kozi za mtandaoni. Mtaani kwetu alikuwa na orodha ya watoro saba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, kwa nini uliacha masomo? Ni muda, ni bando, somo lilikuwa gumu, au mume hakuruhusu?"

"Sikuacha."

"Hilo halipo mama."

"Liongeze."

"Siwezi, fomu kaitunga profesa. Tuseme mume?"

"Mume wangu yuko kaburini mwaka wa nne. Atanikatazia wapi?"

Wenzangu wakacheka, mmoja akapaza sauti kutoka kwenye mapipa, "Mwandikie bando, bibie, huyo hata kanga dukani anabishana nayo!" Wao walishajibu zamani. Kila aliyejibu alipewa mche wa sabuni, zawadi kutoka chuoni, eti kuwapa sabuni watu wanaouza sabuni.

Nikamwambia yule binti, "Somo la tatu, mwalimu alisema usimuulize mteja kwa nini haipendi bidhaa yako kabla hujamuuliza kama anaipenda."

Akapekua kishikwambi chake. "Mama, somo la tatu hujawahi kulifungua. Mfumo unaonyesha."

"Mfumo ulikaa mkeka upi?"

Nikamweleza yote, dumu, katibu, kichanga. Alinisikiliza vizuri, sikatai. Kisha akashusha sauti kama anayeomba maji. "Mama, nakuamini. Lakini kama nyie wote mlimaliza, mie utafiti wangu unabaki na nini?"

Akaniachia mche wa sabuni, akaondoka na utoro wangu.

Nilikaa na ile kalamu nyekundu kifuani wiki nzima. Mwanangu aliponipa simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, nikamwambia anifungulie kozi ileile kwa namba yangu ileile. Kila asubuhi naiweka simu rafu ya jikoni, nabonyeza somo, nakwenda zangu uani kuchambua dagaa. Mwalimu anafundisha masufuria. Somo la tatu lilimfundisha paka, akaondoka kabla halijaisha. Majaribio nilijibu mwenyewe, kwa yale tuliyobishania mkekani. Sikukosa hata swali moja.

Cheti changu kilipotoka, yule binti alikuwa wa kwanza kunipigia.

"Hongera mama! Umeingia kwenye kundi la waliorudi, ni wachache mno. Kitu gani kilikurudisha?"

"Hasira."

"Hasira haipo mama."

"Basi andika bando. Na ule utoro ulioniandikia, utaufuta?"

"Haufutiki mama. Ndio unaoonyesha kwamba umerudi."

Kwa hiyo chuo kimejifunza kwangu hivi: nilipokaa wiki sita mkekani nikabishana mpaka sauti ikakauka, sikusoma. Simu yangu ilipoongea na masufuria, nikaelimika. Katibu ana fremu, mwenyekiti ana picha, binti naambiwa keshakuwa daktari. Nampongeza, na mche wake wa sabuni nimefulia.

Mie nimenunua daftari kubwa, nikalichora mistari kwa rula. Nimeandika majina yetu wanane ubavuni, halafu vipindi vyote vya kozi kimoja kimoja, kwa kumbukumbu, kila jina na alama yake ya kuhudhuria. Nimemwandika hata katibu, ingawa mkono uligoma kidogo. Na kwa yule aliyejifungua, kwenye vile vipindi viwili, nimeandika kwa kalamu ya bluu: ruhusa.