Filmu ya Léonard Iliyokwenda Misa

Léonard, muntu wa Mushaki, alishuka Walikale mwaka wa 1946, akapata kazi katika hospitali ya kampuni moja ya madini: kushika wagonjwa mbele ya mashini ya radio, ile inayoonyesha mifupa. Wachimbaji waliogopa giza la kile chumba, na kwetu mugonjwa haachwi peke yake. Basi Léonard aliwakumbatia, mikono mitupu. Tena kila asubuhi munganga alimuambia: "Weka mukono." Munganga aliangalia mifupa ya vidole vya Léonard ili ajue kama mashini imeamka vizuri. Wakati ule hakuna aliyeuliza kama miale ya mashini inachoma.

Miaka ikapita, kucha zikawa nyeusi, ngozi ikapasuka. Wenzake walimucheka njiani: "Wee Léonard, usitusalimie! Mukono yako iko ya muzimu!"

Bibi yake wa ndoa, Adelaïde, hakucheka.

"Acha ile mashini. Inakukula."

"Nikiacha, tutakula nini?"

"Maharagi ya baba yangu. Yenyewe haiumi vidole."

Mwaka wa 1956 akafika muzungu mwenye kazi mupya: kulinda watu na ile miale. Walimuita Bwana Plomb, sababu alileta tabliye nzito za plomb, aproni za risasi zinazozuia miale, mbili tu: moja yake, moja ya munganga. Léonard alipewa kifaa kidogo cha kubandika kifuani, chenye kipande cha filmu ndani. Miale ikiipiga, filmu inageuka nyeusi, na mwenye kuivaa anatolewa kwenye mashini, anatunzwa. Yote hayo yalisemwa mbio mbio kwa Kifaransa. Hilaire, muuguzi, akafupisha: "Ni kitu ya maana sana. Usichafue."

Kitu ya maana, kwetu, haivaliwi kazini. Léonard alikifungia sandukuni pamoja na musalaba wa ubatizo, akakivaa siku ya Mungu, kwenye misa. Watu walifikiri amepewa medali.

Filmu ikapelekwa kuchunguzwa. Ilikuwa nyeupe. Bwana Plomb akamuita Léonard. Adelaïde akafuata bila kuitwa. Hilaire njo alitafsiri maneno ya muzungu:

"Filmu iko safi. Mashini haikumugusa. Huo mukono ameuunguza nyumbani, kwenye moto."

"Moto gani?" Adelaïde akapaza sauti. "Mimi njo napika! Hiyo kitu yako ilikuwa sandukuni. Inaenda misa, haiendi kazini!"

Bwana Plomb akacheka mupaka akashika meza. "Basi avae mwezi muzima mbele ya mashini. Tutaona."

Adelaïde akakamata mukono wa Léonard, akautupa mezani, juu ya karatasi za muzungu. "Ona sasa! Ao macho yako pia iko ya plomb?"

Muzungu akasukuma kiti nyuma. "Filmu njo inaongea."

Léonard akabandua kifaa, akakiacha pale. Wakapanda kwao Mushaki. Kabla ya Noeli, vidole vyake viwili vilikatwa.

Mimi mutembezi, jirani yao wa Mushaki, nilipita Walikale mwaka wa 1958. Aliyekamata nafasi ya Léonard anavaa tabliye, munganga haombi tena mukono, na siku ya kugawiwa filmu wafanyakazi waliambiwa kwa Kiswahili: "Hii inavaliwa kazini, si kanisani." Nikapeleka habari Mushaki, nikifikiri itawapoza.

Léonard alinisalimia kwa kifundo cha mukono, akatabasamu kidogo. Adelaïde alikuwa anapepeta maharagi, hakuinua kichwa.

"Kumbe wamejifunza," akasema. "Kwa vidole vya nani?"