Trela la Delbert

Kaka yangu Delbert alipomzika mkewe Oneta, aliapa hatalala tena katika nyumba yao. Alinunua pikapu kuukuu ya kukokotea trela, na akiba iliyobaki ilitosha trela moja tu la kuishi, nyumba ndogo ya magurudumu. Akikosea kuchagua, hana pengine pa kulala.

Kwa muuzaji, hapa Oklahoma, nilikanyaga kila pembe ya sakafu ya trela kwa kisigino.

"Bibi, unacheza ngoma?" muuzaji aliuliza.

"Nautafuta uozo wako, kijana."

Karibu na kitanda, chini ya zulia jipya, mguu ukazama. Mvua ilikuwa imekula mbao.

"Twende, Delbert."

Hakusogea. "Dada, Oneta alitaka dirisha kama hili."

"Oneta angekanyaga kabla yangu."

Akavua kofia, akalitazama lile dirisha, kisha akashuka. Pikapu ilirudi haivuti kitu. Nilimtandikia kwangu, wala sikumuuliza hadi lini.