Sufuria za Matanga

Hadi mwaka wa sitini na moja, Bi Barke alikuwa ametunza kwa miaka minane sufuria za chama cha wanawake wa Mtopanga, zile kubwa za shaba zilizonunuliwa ili kila msiba upikiwe bure. Lakini watu walizoea kuziazima hata kwa harusi, mpaka bati la ndani, linalokinga chakula na sumu ya shaba, likaisha kwa zote isipokuwa mbili. Na fundi wa kutia bati halipwi kwa dua.

"Msiba bure, harusi wakodi," alisema jirani yake, Milcah.

"Watasema mjane wa Mwinyihaji anauza sadaka."

"Watasema huku wanakula pilau, Bi Barke."

Bi Barke alikuwa amechoka hata asiweze kucheka. Kesho yake nduguye Idarus akaja kuzitaka zile mbili kwa harusi ya bintiye.

"Zichukue, lakini ulipe kwanza."

"Wallahi, dada! Hata mimi?"

"Wewe ndiwe wa kwanza. Nikianza na wa nje, nitasemwa. Nikianza na kwetu, nani atafungua mdomo?"

Idarus alinuna, akalipa. Bi Barke akazikokota sufuria mbovu hadi mlangoni, akaifudikiza moja, akaikalia kumngoja fundi.