Giaboksi Begani Kutoka Lusu

Niliondoka Ulyankulu kwa sababu giaboksi ya pikapu ya marehemu baba ilikufa, na bila pikapu ile sisi ndugu tungetawanywa. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita nikashika nyumba. Sasa ni mtu mzima. Mdogo wangu Renatus anaendesha, mimi napakia na kushusha. Tunapeleka sokoni mahindi na mihogo ya majirani, na hicho ndicho kinachowalisha wadogo zetu wawili, Adela na Yusta. Gari liliposimama njiani likilia kama mashine ya kusaga iliyoingiwa na mawe, baba mdogo alikuja nyumbani.

"Jumamosi namleta mtu wa kulinunua," alisema. "Adela ataenda kwa shangazi yenu Urambo, Yusta nitamchukua mimi. Umejitahidi, mwanangu. Inatosha."

"Na likiwa linatembea Jumamosi?"

"Dafroza, hilo ni bati tu."

"Likiwa linatembea, baba mdogo?"

Alivaa kofia yake. "Basi nitapanda mwenyewe, na sitasema tena."

Jumatano alfajiri tuliishusha giaboksi kwa spana za baba. Zamani yeye akilala chini ya gari, mimi ndiye niliyekuwa nikimpa spana, kwa hiyo kila bolti naijua. Tuliifunga kwa kitenge kikuukuu, tukaipakia kwenye lori la magunia, nikakaa juu yake hadi Tabora mjini.

Karakana ya Fundi Maulidi iko mtaa wa Ng'ambo, nyuma ya mafundi cherehani. Ndiye aliyekuwa fundi wa baba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona mmemfunika? Mmeniletea mtoto au maiti?"

"Utatuambia wewe," nilimjibu.

Alifungua kizibo cha chini. Mafuta ya gia, ambayo hutoka mazito na meusi, yalitoka meupe kama chai ya maziwa. Fundi alimtazama Renatus.

"Mlivuka maji."

"Masika, kule mbugani," Renatus alisema. "Lakini tulipofika nyumbani tuliliosha lote."

"Mliosha nje! Giaboksi ina tundu la kupumulia. Ikiingia majini ikiwa ya moto, inanyonya. Tangu masika mnasaga chuma kwa maji."

Meno ya gia ya tatu yalikuwa yamelika kama ya kizee. Gia ya namna ile haikuwepo Tabora, na kuagiza Dar kungepita Jumamosi. Nilimwambia fundi sirudi nyumbani mikono mitupu. Alifikiri, akasema kuna pikapu kama yetu juu ya mawe huko Lusu, kwa Mama Kabula, mjane. Beringi zake zitakuwa zimekufa kwa kukaa, alisema, lakini beringi mpya anazo yeye pale karakanani. Tatizo ni meno tu.

Alhamisi asubuhi tulipanda basi hadi Nzega, kisha bodaboda hadi Lusu. Gari tuliliona kabla hatujaonyeshwa nyumba: limezungukwa na majani ya maboga, milango haina vioo, na kuku wanaingia na kutoka. Mama Kabula alitusikiliza akichambua karanga. Juu ya bei hatukuvutana. Alikuwa na masharti mawili.

"La kwanza, kuku wangu ameatamia kwenye kiti cha dereva. Akihama yeye, na nyie mnahama. La pili, gari lenu likipona, nataka nisikie gia ya tatu. Marehemu mume wangu akirudi safari, pale kwenye kona aliingiza ya tatu. Nilikuwa nabandika maji kwa sauti ile."

Renatus aliingia chini na spana. Lakini mkono wa gia hufunguliwa kutoka ndani, na kuku alikuwa pembeni yake kabisa. Nilipoingiza mkono alinidonoa mpaka damu.

"Anakusalimia," Mama Kabula alisema.

Nilivua kitenge cha juu nikamfunika polepole. Gizani akatulia. Bolti zilikuwa zimeshika kutu. Kwa nyundo zingeachia upesi, lakini nyundo ingemtoa kuku. Tulizidondoshea mafuta ya taa, tukangoja. Tukakaza kidogo, tukalegeza kidogo, tukadondosha tena.

"Dada, pigo moja tu," Renatus alinong'ona.

"Hapana."

Bolti ya mwisho iliachia jua likiwa limeshapinda. Nilipoondoa kitenge, kuku alikuwa palepale, akinitazama kwa hasira.

Kutoka pale hadi barabarani hakukuwa na bodaboda, hivyo tuliining'iniza giaboksi kwenye mti tuliouchukua mabegani, Renatus mbele, mimi nyuma. Njia hizi watu walizipita zamani na mizigo ya wengine mabegani hadi pwani. Wetu ulikuwa mzigo wetu wenyewe, na nilipolikumbuka hilo bega liliuma kidogo tu. Wanaume waliokuwa kisimani walipaza sauti:

"Oya! Mmeua nguruwe?"

"Giaboksi!" Renatus alijibu.

"Inaliwa na ugali?"

"Hii ndiyo inayoleta ugali!" nilisema, na tukapita.

Ijumaa, Ng'ambo, Fundi Maulidi alifungua giaboksi zote mbili akajenga moja. Sikutoka pale. Nilimshikia taa, nikaosha kila kipande kwa dizeli. Mwisho alinishika kidole, akakiingiza kwenye tundu la kujazia.

"Mafuta yafike hapa. Na kila mkivuka maji, kidole. Kikitoka cheupe, gari haliendi popote."

Jumamosi tulikuwa bado chini ya gari pale Ulyankulu niliposikia viatu vya baba mdogo, na vya mtu mwingine nyuma yake. Nilikaza bolti ya mwisho, nikajaza mafuta mpaka yakagusa kidole, nikatoka.

"Panda, baba mdogo."

Adela na Yusta walikuwa mlangoni. Renatus aliwasha. Ya kwanza iliingia. Ya pili iliingia. Nilimpigia Mama Kabula kule Lusu, nikampa baba mdogo simu, nikamwomba aishike chini, karibu na mkono wa gia. Kwenye uwanja wa kanisa Renatus akaingiza ya tatu, na ikaimba.

Baba mdogo alikuwa ameinama, kofia imemwanguka, simu ameishika kwa mikono miwili. Sauti ya Mama Kabula ilitoka kwenye simu.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Lakini mwambie huyo anayepumua kwenye simu anyamaze, nisikie vizuri."

Baba mdogo aliziba mdomo. Tulizunguka uwanja tena. Tuliporudi alimwambia mgeni wake aende, akaingia kumwuliza Yusta kama chai ipo.

Nilichojifunza Ng'ambo na Lusu ndicho ninachofanya sasa: tukivuka maji, hatuanzi kuosha bodi. Nalala chini, nafungua kizibo cha tundu la kujazia, naingiza kidole. Adela hukaa pembeni akinipa spana, na siku hizi hangoji niitaje.