Baba Mkwe Yuko Nje kwa Dhamana, Nami Nimeshaona Nisichopaswa Kuona

Bwana mhariri, chapisha barua hii lakini jina langu ulifiche, maana hapa landhi za reli Nakuru, vyumba vya wafanyakazi vilivyobanana, hata sufuria ikianguka majirani huuliza imeanguka kwa nani. Nina miaka thelathini na miwili, mama wa watoto watatu, mume wangu ni mfanyakazi wa reli. Kinachoninyima raha ni baba yake, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyeshtakiwa kuchoma stoo ya mahindi ya mzungu kule Subukia. Mlinzi wa stoo hiyo, Barasa, mtu tuliyesali naye kanisa moja, aliungua vibaya na mpaka leo amelazwa. Anaapa alimwona mzee akiruka seng'enge na kukimbia, mchana kweupe.

Kortini mzee aliingia ameshikwa mkono na mume wangu, akapapasa kizimba, akaugeukia ukuta badala ya hakimu. Watu wakamhurumia. Hakimu akasema mzee asiyeona, mwenye kikohozi kama kile, hana pa kukimbilia. Akampa dhamana akae kwetu mpaka kesi isikilizwe. Aliyeweka kidole gumba ni mume wangu, kwa hiyo mzee akitoweka atakayeulizwa ni yeye, na kazi ya reli kwaheri.

Chumba chetu ni kimoja, tumekigawa kwa pazia la gunia. Kwa mila yetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Chakula namwekea kwenye kigoda, nakohoa, naondoka. Kikohozi chake si cha uongo, leso zake nafua mimi na damu naiona. Mashaka yangu ni ya macho.

Wiki ya pili nilihangaika kutia uzi kwenye sindano nishone shati la mtoto, nikashindwa, nikaiacha mezani nikaenda bombani. Niliporudi ilikuwa na uzi. Nyumbani alikuwa mzee peke yake.

Gunia letu lina tundu. Sikulitoboa mimi, ila sikuliziba pia. Nilichungulia, Mungu anisamehe. Alikuwa ameketi dirishani, suruali ameikunja hadi gotini, anajitoa funza kidoleni kwa pini. Hakupapasa hata kidogo. Alimtoa mzima, akamwinua kwenye mwanga, akamkagua.

Mume wangu nilimwambia habari ya sindano tu.

"Labda jirani aliingia," akasema.

"Baba yako anaona."

"Wewe umemuona na macho yako?"

Nikachukua ndoo nikaenda bombani. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimekiri kwamba nilimchungulia baba yake miguu wazi. Mwanamke wa kwetu akijulikana kwa hilo hana tena uso wa kuonyesha watu.

Sasa polisi wanadai mzee anajifanya, wanataka dhamana ifutwe. Jumatatu hakimu atasikiliza mtu wa nyumbani, na mume wangu ametoa jina langu bila kuniuliza.

"Si wewe ndio unashinda na yeye? Sema tu haoni. Ama unataka mzee afie rumande?"

Sitaki. Ile baridi ya rumande itammaliza kabla kesi haijaanza. Lakini nikisema haoni, Barasa ataitwa mwongo, naye amelala pale na mikono imefungwa bendeji. Na kama kweli mzee ndiye aliyechoma, basi huyo ninayempikia kila siku ananicheka moyoni.

Leo asubuhi nimetoka bombani, nikaweka ndoo chini, jicho likaenda lenyewe kwenye tundu. Halipo. Limeshonwa kutoka upande wake, mishono midogo, imenyooka kuliko yangu. Sindano yangu ameirudisha mezani, na uzi ndani.

Jumatatu nitashika Biblia, naye atakuwa ameketi pale ananitazama. Wasomaji wenzangu, mngekuwa mimi, mngemwambia nini hakimu?