Siku Niliyomsaidia Mzee Kuthibitisha Umri

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nawaosha, nawavalisha, nawapikia supu, na siku hizi, kwa kuwa kila kitu kimehamia kwenye simu, nawajazia fomu pia. Kodi, bima, miadi ya daktari wa macho, yote yanataka namba ya siri na kidole kisichotetemeka. Mzee wangu wa mtaa wa Auderghem alianza kutetemeka vidole mwaka aliofariki mkewe, kisha kichwa nacho kikaanza kutikisika. Ukimtazama ungedhani anakataa kila unachomwambia.

Kwa miaka mitatu nilikwenda kwake kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Tulizungumza Kifaransa, yeye akiniita madame, mimi nikimwita monsieur, na hatukuwahi kuvunjiana heshima. Nilimwosha mwili mzima. Siku za mwanzo alifumba macho nilipomvua nguo. Baadaye akazoea, akawa ananisimulia habari za msitu ulio karibu na kwake huku nikimsugua mgongo. Mtu akikuzoea kiasi hicho amekupa kitu kikubwa, na mimi nilikichukulia kuwa ni kazi tu.

Asubuhi moja ya baridi nilimkuta amekwisha kuvaa mwenyewe, vifungo vya shati vimepishana. Tableti ilikuwa mezani, imefunikwa kwa gazeti. Akaniambia kuna tovuti moja aliyozoea kuifungua, na sasa haifunguki. Inataka athibitishe umri wake. Eti ni sheria mpya, watoto wasiingie.

"Tovuti gani, monsieur?" nikauliza. Nilidhani ni duka la mvinyo.

Akatazama dirishani. "Ya watu wazima," akasema.

Sitajipamba: kwanza nilikasirika. Mimi ni Mwislamu wa Bujumbura, nina mtandio kichwani, nina wajukuu wawili, halafu mzungu huyu ananiletea uchafu hata chai sijanywa. Nilitaka kumwambia amwite binti yake. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, maana alisema polepole kwamba hawezi kumwomba binti yake jambo hilo. "Sina mwingine wa kumwomba," akasema.

Nikavuta kiti. Tovuti ilitaka picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, halafu uso wake mbele ya kamera, atulie kabisa. Mtu amekula chumvi miaka themanini na miwili, anaulizwa kama amefika kumi na minane. Kichwa kikamtikisika, mashine ikakataa. Tukajaribu tena, ikakataa tena, ikatushauri tutafute mwanga. Nikamsogeza karibu na dirisha. Mara ya tatu nilisimama nyuma yake, nikamshika kidevu kwa mikono miwili kama ninavyomshika nikimnyoa, nikamtuliza hivyo mpaka duara kwenye kioo likageuka kijani.

Ukurasa ukafunguka wenyewe, na kabla sijageuza macho niliona nilichoona. Nikakimbilia jikoni kumenya viazi. Kutoka huko nilisikia gazeti likirudishwa juu ya tableti, kisha sauti yake: "Samahani, madame. Asante." Nikamjibu hakuna shida. Na kweli, kufikia adhuhuri hasira ilikuwa imeniisha. Nilikuwa namwonea huruma.

Laiti ningeishia hapo.

Jumamosi sisi wanawake wa kwetu tulikutana mtaa wa Schaerbeek, kwa mama mmoja aliyekuwa anaandaa hitima ya mumewe. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja sebuleni, tunachambua mchele na kukata vitunguu. Mimi ndiye wanayemtegemea kwa vichekesho, na sifa hiyo naipenda kuliko ninavyopaswa. Wakaanza kulalamika juu ya kazi, kila mmoja na mzee wake. Nikaona zamu yangu inakaribia, na sikuwa na kisa kizuri kushinda hicho cha mzee wangu. Nikakitoa. Jina sikulitaja, na nikajiona muungwana kwa hilo. Lakini niliinuka nikaigiza kila kitu, jinsi kichwa kinavyotikisika, mikono yangu kidevuni, mashine inavyokataa.

"Donc, quatre-vingt-deux ans, na bado wanamuuliza kama amepitisha dix-huit?" akasema mwenye nyumba, machozi ya kicheko yanamtoka siku ya hitima ya mumewe.

"Alafu weye, maman, ulifunga macho ama ulitazama?" akauliza mwingine.

"Nilitazama viazi," nikasema, wakavunjika mbavu.

Nataka niseme na hili, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Kati ya wanawake wale, mimi ndiye ninayeitwa mmoja wetu akifariki. Naosha maiti. Nimeona miilini mwa marehemu mambo ambayo hata waume zao hawakuyajua, makovu na mengineyo, na sijatoa neno, kwa sababu nilifundishwa tangu msichana kwamba kumsitiri maiti ni amana. Hakuna aliyenifundisha kwamba amana hiyo inaanza baada ya roho kutoka. Hilo nilijitungia mwenyewe, jioni ile, nikiwa na kisu cha vitunguu mkononi.

Mmoja wa wale waliocheka tunafanya naye kazi shirika moja la kuhudumia wazee. Wiki mbili baadaye nilishikwa na homa, na shirika likampeleka yeye Auderghem badala yangu. Akanipigia simu mchana, mchangamfu.

"Muzee wako nimemujua palepale, na kile kichwa," akasema. "Nikamwambia, bon, monsieur, leo mashine imekubali? Nilikuwa nacheka naye tu."

"Naye alicheka?"

"Hapana. Alisema atajiosha mwenyewe."

Sikuwa na haki ya kumgombeza. Alikuwa amerudia maneno yangu, tena bila kuyatia chumvi nyingi kama nilivyoyatia mimi.

Niliporudi kazini, tableti haikuwepo mezani. Mzee alikuwa bafuni, mlango umefungwa kwa komeo. Akatoka nywele zimelowa na povu la sabuni limebaki nyuma ya sikio, akaniambia bonjour, madame, kwa adabu ileile, akala supu yake, akanishukuru. Hivyo siku nne. Mimi nilisimama ukumbini nikisikiliza maji, nikiomba asiteleze. Sikuwa na uso wa kumtazama. Hata mezani nilimwekea bakuli huku nimeangalia kijiko.

Siku ya tano nilibisha mlango. "Monsieur, niruhusu nikusaidie mgongo."

Maji yakafungwa. Akauliza, mlango ukiwa bado umefungwa, "Ni watu wangapi wanajua, madame?"

Nilikuwa nimeshika taulo. Niliwakumbuka wote waliokuwa sebuleni, mmoja mmoja na mahali alipokaa. Nikakumbuka kwamba wana waume, wana dada, wana simu. Na Jumamosi iliyofuata ile ya hitima nilikuwa nimeombwa nikirudie kile kisa kwa ajili ya waliokikosa, nikakirudia.

"Mmoja tu, monsieur," nikasema. "Yule aliyekuja. Nilikosea kumwambia. Nisamehe."

Komeo likafunguka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, taulo magotini, mabega yamepauka kwa baridi. Akanigeuzia mgongo ili niusugue, akasema ananishukuru kwa kuwa sikumdanganya.